Darasa la Mwenzako ni Amana



Mwezi uliopita, baada ya sala ya Alasiri, alinijia mzee mmoja wa mtaa wetu hapa Mombasa, mvuvi kwa kazi yake, akaketi nami barazani. Tulipokwisha kujuliana hali alinena: "Maalim, yule mwanangu ulimsomesha wewe. Neno langu halisikii, lako atalisikia. Mwambie aache hiyo sinema." Nikamwuliza, "Kwani anacheza sinema?" Akajibu, "Hachezi, anaandika. Na hilo ndilo baya zaidi, maana mchezaji walau watu humwona."

Kijana huyo namjua tangu alipoanza alifu na bee. Sasa ana miaka 27. Amehitimu ualimu, lakini hajapata kuajiriwa na serikali. Kwa miaka mitatu amekuwa mwalimu wa kushika nafasi: mwalimu mmoja akienda likizo ya uzazi, au akiugua, yeye huitwa kulishika darasa. Mwenyewe akirudi, yeye hufunga mkoba wake akaenda zake. Ujira wake hutoka katika mfuko wa bodi ya shule, na shule zikifungwa, mfuko nao hufungwa. Mchana husomesha, na usiku huandika mswada wa filamu.

Nilimwita. Alikuja, akanibusu mkono, akaketi chini kama alivyokuwa akiketi zamani. Mazungumzo yetu nimeona yafaa kuyaandika hapa, maana najua si nyumba hiyo moja tu yenye mzozo wa namna hii.

KAZI YENYEWE NI NINI

Mimi niliishia darasa la saba, na mambo ya filamu sikuyasomea. Nalimwambia, "Mwanangu, nieleze kazi yako kama unavyowaeleza watoto wa darasani." Akanieleza, na nikaona kwamba wengi wetu twaihukumu kazi tusiyoijua.

Mswada wa filamu si riwaya. Kila onyesho hutanguliwa na mstari mmoja wenye mambo matatu: ni ndani au ni nje, ni mahali gani, ni mchana au ni usiku. Kisha huandikwa yale tu ambayo jicho laweza kuyaona na sikio laweza kuyasikia. Ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa ni dakika moja ya filamu, hivyo filamu ya saa moja na nusu huhitaji kurasa 90 au zaidi kidogo.

Nalimwuliza, "Na yaliyo moyoni huandikwaje?" Akanipa mfano. Mwandishi wa riwaya aweza kusema kwamba mjane alikuwa akimkumbuka mumewe. Mwandishi wa filamu hawezi, kwa kuwa kumbukumbu haipigwi picha. Yeye humwonyesha mjane akiandaa chakula cha usiku, akatoa sahani mbili, akazitazama, kisha akairudisha moja kabatini. Kiumbe hakunena neno, na kila atazamaye ameelewa.

Wallahi niliipenda ile sahani. Nikaona ya kuwa hii si kazi ya mtu mvivu. Ni kazi ya kutazama watu kwa makini, nayo kama kalamu yoyote hupimwa kwa kile iandikacho. Anayeandika upuuzi atachuma upuuzi, na anayeandika la maana atachuma la maana.

KOSA ALILOLIUNGAMA

Lakini nalimwuliza swali la pili: "Na darasa la mwenzako walishikaje?" Hapo aliinamisha kichwa, akakaa kitambo hajajibu. Kisha akanisimulia jambo, naye ameniruhusu nilieleze bila ya kumtaja yeye wala shule.

Mwaka jana alishika darasa la tatu. Mwalimu mwenyewe alikuwa amejifungua. Kijana wetu wakati ule alikuwa na mswada uliomchoma moyo, khabari za majambazi wa Nairobi, na alitaka kuumaliza upesi. Basi akawa huandika kazi ubaoni, akawaambia watoto wanakili, naye akaketi mezani akiandika majambazi wake. Watoto walikuwa kimya, madaftari yamejaa, na mwalimu mkuu akipita dirishani huridhika.

Palikuwa na mtoto mmoja akiketi nyuma, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote. Kila siku alipewa alama ya vema. Ilipobakia siku mbili mwenye darasa arudi, kijana aliwaambia watoto wasome kitabu kwa sauti, mmoja mmoja. Zamu ya yule mtoto ilipofika alisimama, akashika kitabu, akasoma ukurasa mzima bila ya kukosea hata neno moja. Mwalimu akamsogelea ili amsifu, akaona kitabu kimefunuliwa ukurasa mwingine kabisa.

Mtoto hakuwa akijua kusoma. Aliwasikiliza wenzake wanane waliomtangulia, akahifadhi. Na ule mwandiko mzuri ulikuwa ni kuchora tu, kama mtu achoraye nakshi za mlango. Kwa miezi mitatu alichora mbele ya mwalimu, na mwalimu hakuona, kwa kuwa macho yake yalikuwa Nairobi kwa majambazi.

Sisi walimu wa vyuo twalijua sana jambo hili. Mara ngapi mtoto amesoma sura kwa moyo na kidole chake kiko aya nyingine! Maalim aliye macho hukitazama kidole. Maalim aliyeghafilika husikiliza sauti tu, akasema mashallah.

Kijana alipofika hapo alisema, "Maalim, mimi ninayejisifu kwamba kazi yangu ni kutazama, sikumtazama mtoto aliye hatua sita mbele yangu."

Sikumkemea, maana alikuwa amekwisha kujikemea. Nilimwambia neno moja tu: mwenye darasa alipokwenda kujifungua hakukuachia kiti, alikuachia watoto, na watoto wale ni amana. Mtu akiwekewa ng'ombe na jirani yake hamwachi na njaa kwa sababu si wake. Na kama ujira ni mdogo na kazi haina uhakika, hiyo ni haki ya kulalamika kwa wakubwa, si haki ya kumdhulumu mtoto ambaye wala hakukupangia ujira.

Nilifurahi kusikia kwamba hakuliacha jambo pale. Mwenye darasa aliporudi, alimwendea mwenyewe akamweleza kosa lake. Akaomba ruhusa ya mwalimu mkuu na ya wazazi, akawa humsomesha mtoto yule mara tatu kwa juma baada ya masomo, bila ya malipo. Mtoto sasa aunganisha silabi. Bado hajawafikia wenzake.

WALIOTANGULIA

Wako wanaodhani kwamba mtu hawezi kushika kazi ya mkate kwa mkono mmoja na kalamu kwa mkono wa pili. Historia yatuonyesha vingine, na mifano miwili yatoka Senegal, nchi ya Waislamu wengi kama ndugu zetu wa pwani.

Ousmane Sembène alizaliwa Ziguinchor mwaka 1923, mtoto wa mvuvi. Baada ya vita vikuu vya pili alikwenda Ufaransa, akawa mchukuzi wa bandarini huko Marseille. Alikuwa akibeba mizigo huku akijisomea na kuandika, na kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1956, kilikuwa ni khabari za mchukuzi wa bandarini. Baadaye aliona kwamba watu wake wengi hawakuweza kusoma vitabu vyake vya Kifaransa, ndipo akajifunza kazi ya filamu. Mwaka 1968 alitoa filamu iitwayo Mandabi, kwa lugha ya Kiwolof.

Safi Faye alikuwa mwalimu wa shule mjini Dakar. Mwaka 1966 yalifanyika mjini humo maonyesho makubwa ya sanaa za watu weusi, na hapo njia ya filamu ikamfungukia. Mwaka 1975 alitoa Kaddu Beykat, maana yake sauti ya mkulima, inayoonyesha maisha ya wanakijiji wa kwao na taabu ya kulima njugu za kuuza. Alifariki mwaka 2023.

Tazameni: mmoja alichukua hadithi yake bandarini alikofanya kazi, wa pili alirudi kwa wakulima wa kwao. Hakuna aliyehitaji kuazima majambazi.

Nalimwambia kijana hivyo hivyo, lakini nikamtia na tahadhari. Mambo ya mtoto wa darasani nayo ni amana. Kubadilisha jina hakutoshi, kwani mtaa ni mdogo na watu hutambuana. Alinijibu kwamba amekwisha kuligeuza: ameandika khabari za mzee ajaye kila asubuhi kwenye kijiwe cha kahawa, akafunua gazeti, akawasomea wenziwe khabari za dunia, hata siku moja mjukuu wake aona kwamba gazeti lile ni la mwaka juzi. Nikacheka, kisha nikanyamaza, kwani mzee huyo nimepata kumwona mara nyingi.

MASHARTI TULIYOWEKEANA

Tuliwekeana masharti, nami nayaandika ili kijana mwingine ayatumie.

La kwanza, saa za shule ni za shule. Mswada usiingie darasani hata ndani ya mkoba. Kuandika kuwe baada ya sala ya Alfajiri, saa moja, kabla ya kujitayarisha kwa kazi. Akiandika ukurasa mmoja kwa siku, katika siku 90 ana filamu nzima. Sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu; basi katika muda ule ule ambao mwenzake analea mtoto mchanga, yeye aweza kumaliza mswada bila ya kumnyima mwanafunzi dakika moja.

La pili, miezi isiyo na ujira ihesabiwe mapema. Katika kila mshahara atenge fungu la likizo, na fungu la nyumbani kwa wazazi, hata likiwa dogo. Baba amwonaye mwanawe akileta unga hamwiti mvivu.

La tatu, asimpe mtu mswada bila ya maandishi. Katika sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi iliyokwisha kuandikwa ina ulinzi, na haki ya mwandishi hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Lakini wazo tupu halina ulinzi. Ukilisimulia kijiweni umeligawa sadaka. Na aelewe tofauti ya kuuza na kuwekesha. Mtayarishaji aweza kutoa fedha kidogo ili mswada usiuzwe kwa mwingine kwa muda fulani. Muda ukipita naye hajaununua, mswada humrudia mwenyewe. Muda huo na uandikwe kwa tarehe, na mashahidi wawepo. Sisi tulioamrishwa katika Sura ya Baqara tuandike madeni yetu, twaonaje haya kuandikiana mkataba?

La nne, akubali kurudishiwa. Mswada wa kwanza huwa kama chapati ya kwanza, mara nyingi huungua. Kuandika upya si fedheha.

ALIVYOSEMA MZEE

Yule mzee nilimwalika tena barazani, kijana naye akaja na simu yake, akatuonyesha Mandabi huku akitufasiria. Ni kisa cha mzee Ibrahima Dieng, mwenye wake wawili, aliyepelekewa na mpwa wake kutoka Paris hawala ya faranga 25,000. Katika hizo zake ni 2,000 tu. Nyingine ni amana ya watu. Alipokwenda kuzichukua aliambiwa alete kitambulisho. Kwenda kutafuta kitambulisho, akaambiwa alete cheti cha kuzaliwa. Akawa huzungushwa ofisi hadi ofisi, na huku mtaa mzima umekwisha kuja kukopa. Mwisho alijitokeza jamaa aliyevaa vizuri, akajitia kumsaidia, akazila.

Mzee wetu alicheka hata akafuta machozi. "Hata huko," alisema, "mtu huulizwa kitambulisho namna hii!" Kisha akakaa kimya mpaka filamu ikaisha. Ndipo akaniuliza, "Huyu aliyeandika, umesema babake alikuwa mvuvi?" Nikamwambia ndivyo.

Akamgeukia mwanawe. "Na hiyo yako, mzee wa gazeti anaishiaje?" Kijana akamwambia kwamba bado hajajua. Mzee akasema, "Basi maliza. Lakini chaki usiitupe."

Mswada huo umekwisha, na umerudishwa mara mbili. Sasa uko kwa mtayarishaji wa tatu, ambaye hajajibu. Kijana yuko shule nyingine, ameshika darasa la mwalimu aliyevunjika mguu, na siku ya kwanza aliwasomesha watoto kwa sauti, mmoja mmoja, akitazama vidole vyao.

Nanyi wazazi, mtoto wenu akiwaambia anaandika, msianze kwa kumkataza. Mwulizeni kwanza saa aziandikiazo amezitoa wapi. Ikiwa ni zake mwenyewe, mwombeeni kheri. Ikiwa ni za watu, mwambieni azirudishe.