Kabla Bikoni Hazijaziba Vichochoro

Kama mtaa wenu uko kwenye urasimishaji na wapimaji wameshaanza kuonekana, usiweke sahihi kwenye mchoro wa mipangomiji kabla hujautafutia kitu kimoja: njia za waenda kwa miguu. Sisemi barabara. Barabara zitakuwemo, maana kila mkutano wa urasimishaji huzigombania. Nasema vile vichochoro vya kupita mtu na ndoo kichwani, ambavyo watoto huvipita kwenda shule, akina mama kwenda gengeni, na waombolezaji hulipitisha jeneza hadi lilipoegeshwa gari.

Kwa sisi wa Dar es Salaam hatari hii ipo sasa hivi. Urasimishaji unaendelea katika makazi yaliyojijenga yenyewe, na ni jambo jema. Watu wanastahili hati. Lakini kichochoro hupotea siku ile ile tunayosherehekea upimaji.

Hakipotei kwa tingatinga. Hakina mwenyewe, hapo ndipo tatizo linapoanzia. Kinapita ukingoni mwa eneo la mzee mmoja kwa ruhusa ya mdomo aliyoitoa zamani, enzi za ua wa michongoma. Mpimaji anafika, anawauliza majirani wawili mpaka wao uko wapi. Kila mmoja ameshaombwa aachie eneo upande wa mbele kwa ajili ya barabara, bila fidia, na hataki kupunguziwa tena nyuma. Wanakubaliana mipaka ikutane, na bikoni ya mpaka inasimikwa katikati ya njia. Siku chache baadaye lori linashusha tofali. Hakuna aliyevunja sheria, kwa sababu kwenye mchoro hapakuwa na njia.

Tupige hesabu. Chukua safu mbili za nyumba zilizopeana migongo, urefu wa mita 400 kutoka barabara hadi barabara, upana wa mita 60. Mama Asha na Mama Juma wanaishi katikati, migongo ya nyumba zao ikitazamana. Kichochoro kikiwapo, mmoja humfikia mwenzake kwa mita 60. Kikizibwa, anatembea mita 200 hadi mwisho wa safu, anakata mita 60, kisha anarudi mita 200 upande wa pili: mita 460 kumfikia jirani anayemsikia akikohoa. Mwenye gari hataiona tofauti. Ataiona mjamzito anayekwenda kliniki, mtoto wa darasa la kwanza, na bibi mwenye magoti mabovu, ambaye sasa atatoa nauli ya bodaboda kwa safari aliyokuwa akienda na kanga begani.

Umbali si ubaya wote. Ukimfungia mtoto njia ya ndani, unamsukuma barabara ya nje, penye daladala, malori ya mchanga na bodaboda, na mara nyingi hakuna hata pa kukanyaga pembeni. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Sheria yetu inaruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Wataalamu wa usalama barabarani wanataka 30 mahali wanapopita watoto, kwa kuwa kila kilomita inayoongezeka inapunguza nafasi ya mtoto kupona akigongwa.

Tena mji huu huu umeonyesha dawa. Shirika la Amend limekuwa likizikagua barabara za karibu na shule za msingi na kuzirekebisha: njia za pembeni za miguu, matuta, vivuko, na pengine kulihamisha geti la shule kutoka barabara kubwa kwenda upande wenye utulivu. Kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji inayotolewa na taasisi ya WRI mwaka 2019. Sasa jiulize: geti litahamishiwa upande gani, kama nyuma ya shule kote kumeshazungushiwa kuta za watu?

Kuna hoja moja nzito ya kuziba njia, na siidharau: vibaka. Anayeamka usiku kwa kusikia mtu akikimbia nyuma ya dirisha lake ana haki ya kuogopa. Ila angalia ni kichochoro kipi kinachotisha. Ni kile chembamba kilichobanwa na kuta mbili ndefu, bila dirisha, bila taa, chenye kona usiyoona mbele yake. Kilichonyooka, chenye taa, na chenye vibaraza vya watu wanaopika maandazi alfajiri, hakina kibaka anayekipenda. Kipanueni, kinyoosheni, kiwekeeni taa. Mkikiziba, kibaka ataruka ukuta na mtoto hataweza.

Na mvua za masika msizisahau. Vichochoro vingi ndiyo mapito ya maji. Ukuta ukikatiza, maji hayarudi mbinguni. Yanaingia sebuleni kwa aliye bondeni.

Nasisitiza haraka kwa sababu ya namna sheria inavyofanya kazi. Mchoro ukishaidhinishwa na ramani ya upimaji ikasajiliwa, hati inatoka, na hati inaweza kuwa ya hadi miaka 99. Kuanzia hapo, kuirudisha njia ya mita mbili ni kutwaa ardhi ya mtu, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Mtaa gani una fungu hilo? Leo, kabla ya sahihi, njia hiyo hiyo inapatikana kwa mazungumzo ya jioni moja kati ya majirani wawili.

Kwa hiyo nendeni ofisi ya Serikali ya Mtaa wiki hii, muombe kuuona mchoro. Msiusome mezani tu. Tembeeni nao mtaani asubuhi wanafunzi wanapotoka, mfuate nyayo zao, na kila wanapokatiza wekeni alama kwenye nakala. Wachukueni na akina mama wanaochota maji. Wanajua mapito ambayo kamati ya wanaume wenye pikipiki haiyajui. Mkutano ukiitishwa, takeni kila njia ichorwe kama eneo la umma lenye bikoni zake pande zote mbili, na iandikwe kwenye muhtasari. Ahadi ya jirani kwamba "watu watapita tu" isiwatoshe, kwani atakayenunua kiwanja chake kesho hakuwapo alipoahidi. Na kama kuna anayeombwa kuachia mita moja, walionufaika wachangishane kumjengea upya uzio wake, ili asibebe peke yake gharama ya njia ya wote.

Wanaonunua viwanja vipya pembezoni, ambako kampuni zinapima mashamba na kuuza kwa picha za simu, nao waulize swali moja kabla ya kulipa malipo ya kwanza: mtoto atafikaje shule kwa miguu?