Umesubiri barua pepe ya usaili? Huenda ilifika, ikatupwa kwenye taka

Chukulia kijana wa Kinole, kwenye Milima ya Uluguru. Ameomba kazi kupitia tovuti. Amejaza fomu, amepakia vyeti, na mwisho ameambiwa atajulishwa kwa barua pepe. Kila jioni anapanda hadi mahali panaposhika mtandao, anafungua simu, haoni kitu. Mwezi unakatika. Anaamua kwamba hakuchaguliwa, au mtandao wa milimani umemwangusha. Kumbe barua ilifika siku ileile ilipotumwa, ila ikawekwa kwenye sanduku la taka, lile linaloandikwa Spam kwenye simu nyingi.

Mambo haya yanawagusa wengi mkoani Morogoro. Maombi ya kazi, ya chuo na ya mkopo wa elimu ya juu siku hizi yanapitia mtandaoni. Ndiyo maana leo tunaeleza nani anazitupa barua hizi, na nani anapaswa kurekebisha.

Anayezitupa ni mashine ya kampuni inayokutunzia barua, kwa mfano Gmail ya Google. Mashine hiyo ina sababu. Utaratibu wa kutuma barua pepe uliandikwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati watumiaji walikuwa wachache na wanaaminiana. Haukumdai mtumaji athibitishe jina lake. Mpaka leo tapeli anaweza kuandika jina la ofisi yoyote juu ya barua yake. Sote tunazijua meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Kwenye barua pepe utapeli wa namna hiyo ni mwingi zaidi.

Tufananishe na kijijini. Ukienda benki na barua ya utambulisho, karani anatazama muhuri wa mtendaji wa kijiji. Bila muhuri, hata kama wewe ni mkweli, anakurudisha. Barua pepe nayo ina vitambulisho vitatu. Cha kwanza, SPF, ni orodha ya mashine zilizoruhusiwa kutuma barua kwa jina la tovuti fulani. Cha pili, DKIM, ni muhuri wa siri unaoonyesha kwamba barua haikubadilishwa njiani. Cha tatu, DMARC, kinadai jina linaloonekana juu ya barua lilingane na lililothibitishwa, na kinaeleza barua isiyolingana ifanyweje: ipokelewe, iwekwe kwenye taka au ikataliwe.

Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wamekaza. Anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima awe na vitambulisho vyote vitatu. Mtumaji mdogo naye lazima awe na SPF au DKIM. Tena, malalamiko ya wapokeaji yasifike 3 kwa kila barua 1,000. Microsoft, wenye Outlook na Hotmail, walifuata na masharti yanayofanana kwa watumaji wakubwa mwaka 2025.

Hapo ndipo tovuti nyingi zinapoanguka. Fundi anatengeneza tovuti nzuri, yenye picha na fomu, lakini vitambulisho haviwekwi. Kosa jingine ni fomu inayotuma barua kwa kutumia anwani ya mteja kama mtumaji. Mteja wa viungo akiandika kwenye tovuti ya kikundi cha wakulima wa Matombo, barua inatoka kana kwamba ameituma yeye kutoka Gmail, wakati mashine iliyoituma si ya Gmail. Mlinzi anaona mtu aliyevaa sare isiyo yake. Anaizuia. Kikundi kinadhani hakuna wateja.

Tiba yake haihitaji fedha nyingi. Mwambie fundi aweke SPF, DKIM na DMARC. Barua itoke kwenye anwani ya tovuti yenyewe, na anwani ya mteja iwekwe kwenye sehemu ya kujibu tu. Kisha jaribuni kwa kujitumia barua kwenye Gmail, muone inaangukia wapi.

Kwako msikilizaji unayesubiri barua, usingoje mafundi. Fungua sanduku la taka angalau mara moja kwa wiki, kwa sababu Gmail hufuta vilivyomo baada ya siku 30. Ukikuta barua ya kweli, bonyeza palipoandikwa Not spam. Ila kuwa macho, maana humo matapeli ndio wengi. Anwani ya ofisi ya serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, na baada ya hapo hakuna neno lingine. Hata hivyo jina linaweza kughushiwa, kwa hiyo usibonyeze kiungo. Ingia mwenyewe kwenye akaunti yako ya maombi uhakikishe. Anayekudai hela ili uitwe kwenye usaili, achana naye.

Tukubaliane hapa: mzigo wa kwanza ni wa anayetuma. Tarehe ya usaili ikipita, taasisi haipotezi kitu, anayepoteza ni yule kijana wa Kinole. Taasisi inayotegemea barua pepe peke yake iongeze na meseji ya simu. Namba yake wanayo, aliiandika kwenye fomu.