Stesheni ya Lodwar Isiyo na Reli

Wahenga wetu wa pwani walisema msafiri kafiri: akishakwenda zake hajali alichokiacha nyuma. Lakini chuoni maalim alitufunza upande wa pili wa jambo hilo. Alitwambia kuwa katika Sura ya Tauba, aya ya 60, wamehesabiwa watu wa aina nane wenye haki katika zaka, na wa mwisho wao ni mwana wa njia, yaani msafiri aliyekatikiwa. Tangu utoto wangu, basi, nimezoea kuupima mji kwa mahali unapomweka mgeni aliyeshuka garini asiyemjua mtu.

Nilikumbuka darasa hilo Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, niliposhuka basi alfajiri nikitokea Kitale. Kilichonipeleka huko ni ramani. Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walikutana Lamu kuuzindua mradi wa LAPSSET. Tuliahidiwa bandari, barabara, bomba la mafuta, na reli itakayotoka Lamu hadi Isiolo, kisha ipite Lodwar kwenda mpaka wa Sudan Kusini. Bandari tumeiona, gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Ama reli hiyo, hata taruma moja halijalazwa. Hata hivyo kwenye ramani Lamu na Lodwar ni stesheni za njia moja, nami nilitaka kumwona jirani huyo kabla gari halijafika.

Reli iliyo karibu iko Kitale. Ilifika hapo mwaka 1926 ikakoma. Kutoka Kitale hadi Lodwar ni barabara ya kilomita zipatazo 300, kupitia Kapenguria na Kainuk, sehemu ambayo wasafiri wameshambuliwa na majambazi mara nyingi, hata Februari 2023 serikali ikapeleka wanajeshi katika kaunti za upande ule. Mkoloni naye aliujua umbali huo na akautumia. Mzee Jomo Kenyatta, baada ya kesi ya Kapenguria, alifungwa Lokitaung, kisha akawekwa Lodwar tangu 1959 hadi 1961.

Lakini watu wa pwani si wageni kabisa wa nchi hii. Msafara wa Teleki ulipolifikia Ziwa Turkana mwaka 1888, mmoja wa viongozi wake alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani. Na mji wa Lodwar wenyewe husemwa ulianza kwa maduka ya wafanyabiashara waliofika ukingoni mwa mto Turkwel miaka ya 1930 wakiongozwa na Shah Mohamed. Duka, maji ya mto, na kivuli cha mti: hivyo ndivyo mji ulivyomkaribisha msafiri wake wa kwanza.

Je, leo wamkaribishaje? Pale niliposhuka sikuona paa, wala bomba la maji, wala ubao wa kuonyesha saa za magari. Wazee wa Kiturkana walikuwa wamekalia vigoda vyao vidogo vya mti, viitwavyo ekicholong, ambavyo mtu huchukua kila aendako. Akichoka hukalia, akilala hufanya mto. Huo ni ustaarabu wa wafugaji, wala haufai kuonewa huruma. Lakini kigoda ni cha wanaume. Kando yao alikuwapo mama kijana na mtoto mchanga, amekaa juu ya gunia, na jua limeanza kupanda.

Nikamwuliza muuza chai, "Mama, gari la Kakuma latoka saa ngapi?"

"Ikijaa, mzee," akanijibu, akanisogezea ndoo iliyofunikwa niikalie.

Msikitini nilipata maji ya kutawadha, choo, na baraza ya kupumzikia. Nikatanabahi kuwa stesheni ya Lodwar ipo: nusu iko msikitini na nusu kwa muuza chai. Wote wawili wanaifanya kazi ambayo hawakuajiriwa kuifanya, na hakuna anayewafidia hata bei ya maji.

Kakuma iko mbele zaidi, mwendo wa kilomita zipatazo 120. Kambi yake ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan. Wakafuata Wasomali, Wahabeshi, Wakongo na wengineo, na leo pamoja na makazi ya Kalobeyei wamezidi laki mbili. Kuna misikiti, mahoteli ya Kihabeshi, maduka ya jumla. Kilichokuwa kigumu miaka yote hii ni kuondoka. Katika stesheni za kwetu dirisha la kwanza ni la tikiti. Kwa mkimbizi wa Kakuma dirisha la kwanza limekuwa la kibali cha kusafiri. Mtu mwenye nauli mkononi aweza kuliona basi likijaa na kuondoka.

Sisemi kuwa stesheni za zamani zilikuwa pepo. Reli ya Uganda ilitenga watu kwa madaraja, na kila daraja lilikuwa na rangi yake. Lakini hata reli ile ilijua kuwa abiria ana tumbo: kabla ya mabehewa ya chakula, gari lilisimama Voi ili watu washuke wale. Ilipofika 2017, reli mpya iliweka stesheni yake ya Mombasa kule Miritini, nje ya kisiwa, na abiria aliyeshuka usiku akaachiwa kujitafutia njia ya mjini. Reli zetu mpya hupangwa kwanza kwa shehena, kisha ndipo akumbukwe mtu.

Turkana wameliona hilo. Mwaka 2018 mafuta ya Lokichar yalianza kusafirishwa kwa malori hadi Mombasa, na Agosti 2019 yakapakiwa melini. Mafuta hayo hayakungoja reli. Yalitafutiwa matangi, yakatafutiwa malori, yakatafutiwa pa kuhifadhiwa njiani. Mbona basi yule mama mwenye mtoto aambiwe angoje reli ndipo apate kivuli?

Paa, tangi la maji, vyoo vya wanawake mbali na vya wanaume, pahali pa kusalia, taa ya usiku na ubao wa saa: hakuna hata kimoja katika hivi kinachohitaji mataruma. Kaunti yaweza kuvijenga Lodwar na Kakuma mwaka huu, na reli ikija, inshallah, ijengewe pale pale watu walipo.

Na sisi wa Lamu tujiulize pia. Reli ina ncha mbili. Siku Mturkana atakaposhuka kwetu na kigoda chake mkononi, tutakuwa tumemtengea nini?

Basi la Kakuma lilijaa saa nne na nusu. Yule mama alipanda na mtoto wake, na ndoo ya muuza chai akakalia mtu mwingine.