Mgeni Bwenini

Mhariri,

Wiki za kwanza bwenini humsumbua mtoto usiku kuliko mchana. Mchana kuna paredi, vipindi na foleni ya ugali; taa zikizimwa ndipo nyumbani humjia. Maandalizi huanzia nyumbani, miezi kabla: kufua sare, kuchomeka neti, kufunga tranka na kutunza ufunguo wake. Hilo la ufunguo hupuuzwa, ilhali anayeibiwa sabuni siku ya pili huiona shule nzima adui. Mzazi anayempigia matroni kila jioni huchelewesha mazoea. Siku moja maalumu kwa wiki yatosha. Asiyekula, au anayeanza ghafla kukojoa kitandani, asikilizwe. Kuchapwa humzidishia hofu. Mwaka 2023 Tanzania ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, tena ilichelewa.

Mzazi,
Morogoro