Kizingiti cha Roshani

Kila msimu wa kaskazi, meli kubwa za watalii hutia nanga Mombasa na Unguja, na miji yetu hufaidika kwa abiria wanaoshuka. Miongoni mwao wamo wazee na walemavu wanaotembelea viti vya magurudumu, na wengine wanaotumia skuta za umeme. Leo twapenda kusema neno juu ya jambo linaloweza kuonekana dogo kwa mtu anayeitazama meli kutoka gatini, nalo ni kizingiti cha mlango wa roshani.

Wasomaji wetu wa Mji wa Kale na Mji Mkongwe hawahitaji kufundishwa thamani ya roshani. Katika meli za watalii, jambo hili lilipata nguvu mwaka 1984 ilipozinduliwa Royal Princess, ambayo vyumba vyake vyote vya abiria vilitazama nje na baadhi yake vilikuwa na roshani. Tangu hapo roshani imekuwa bidhaa inayouzwa kwa bei yake. Anayelipa bei hiyo hanunui kitanda, kwa kuwa kitanda kipo hata katika chumba kisicho na dirisha. Ananunua upepo wa alfajiri na haki ya kukaa peke yake akiitazama bahari.

Kampuni za meli hutenga vyumba kwa ajili ya walemavu. Mlango wa kuingilia hupanuliwa, bafu huondolewa ngazi, na huachwa nafasi ya kukigeuza kiti, yaani duara la kiasi cha sentimita 152. Hayo ni mema na twayashukuru. Lakini si kila chumba kiitwacho cha walemavu kina roshani ambayo mlemavu aweza kuifikia. Mlango waweza kuwa mzito, ufa wake mwembamba, na chini yake kikasimama kizingiti cha chuma. Abiria amelipia roshani, lakini anaitazama kupitia kioo.

Jawabu linalotolewa mara nyingi ni kwamba bahari ina kanuni zake. Hatubishi. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1966 kuhusu mistari ya shehena unataka milango ya kwenye kuta za miisho ya majengo ya sitaha iwe na vizingiti visivyopungua milimita 380, na hakuna baharia wa pwani hii atakayeuliza kwa nini. Hata hivyo mlango wa roshani iliyo ghorofa ya nane au ya tisa haukabiliwi na mawimbi kama mlango wa sitaha ya chini. Huko juu adui ni maji ya mvua na maji ya kuoshea sakafu, na maji hayo yaweza kupewa mfereji.

Wengine husema ubao wa mteremko utatosha. Hebu tuhesabu. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda ihitaji sentimita 12 za mteremko. Kizingiti cha sentimita 10 basi kinataka ubao wa sentimita 120 ndani ya chumba, na mwingine wa namna hiyo nje. Kiti chenyewe kina urefu unaokaribia huo. Roshani yenye kina cha mita moja na nusu itakuwa imemezwa na ubao, na mwenye kiti atabaki ameketi kwenye mteremko, breki mkononi. Skuta, ambayo aghalabu ni ndefu kuliko kiti, haitapata hata pa kusimama.

Dawa ya kweli ni kuinua sakafu ya roshani ilingane na kizingiti, maji yapite chini yake. Lakini ukiinua sakafu umeupunguza ukingo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 kuhusu usalama wa abiria inataka ukingo usipungue inchi 42, yaani karibu sentimita 107, kwa hiyo ukingo nao lazima upande. Na ukipanda ukiwa wa chuma kitupu, aliyeketi hataona ila chuma. Lazima uwe wa kioo. Ndiyo maana twasema kazi hii ni ya mchoraji wa meli tangu siku ya kwanza, wala si ya seremala baada ya malalamiko. Meli huweza kutumika kwa miaka 30 na zaidi, na kosa linalochorwa leo litawasumbua watu ambao bado ni vijana wenye miguu yao.

Wako pia watakaosema kwamba mhudumu yupo, na kazi yake ni kusaidia. Wahudumu hao wengine ni vijana wetu, na hatuna shaka na moyo wao. Lakini roshani ambayo lazima umwite mtu akuvushe, kisha umngoje tena akurudishe, si roshani yako. Mtu anayehitaji dawa yake iliyo mezani, naye yu nje na simu iko ndani, amefungiwa hata kama mlango u wazi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mahakama Kuu ya Marekani ililigusa jambo hili tarehe 6 Juni 2005, katika kesi ya abiria walioabiri kutoka Houston mwaka 1998 na 1999 kwa meli za Norwegian Cruise Line zilizoandikishwa Bahamas. Walidai, pamoja na mengine, kwamba vyumba vingi, hata vile vya kupendeza zaidi, havikuwafaa walemavu. Mahakama iliamua kwamba sheria ya walemavu ya mwaka 1990 yazihusu meli za bendera ya kigeni zilizomo katika maji ya Marekani, ila kizuizi hakilazimiki kuondolewa ikiwa kufanya hivyo kutavunja mkataba wa usalama baharini. Twaona mpaka huo ni wa haki. Linalotuudhi ni kuona usalama ukitajwa hata pale ambapo kinachookolewa ni gharama ya mfereji tu.

Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Mkataba huo, katika kifungu cha 30, wautaja utalii na mapumziko waziwazi. Nchi zote mbili ni wanachama wa Shirika la Kimataifa la Bahari, ambalo mwaka 1996 lilitoa mapendekezo kuhusu meli za abiria na mahitaji ya wazee na walemavu. Mapendekezo hayamfungi mtu. Wajumbe wetu wana haki ya kusimama London na kutaka yawe kanuni kwa meli mpya, roshani zikiwemo. Wakati hilo likisubiriwa, kila kampuni inayouza chumba cha walemavu ichapishe, pamoja na bei, kimo cha kizingiti cha roshani na upana wa mlango wake kwa sentimita, na mawakala wa safari wa Mombasa na Unguja wakatae kukiuza chumba ambacho hawajaonyeshwa vipimo hivyo.