Fayawoli ya nyumbani haina haja ya kunguruma

Mashine inayolinda mtandao wa nyumba huwaka usiku na mchana, mwaka mzima, na mara nyingi hukaa sebuleni au chumbani kwa sababu ndiko waya wa faiba ulikoingilia. Ikipiga kelele, itazimwa. Mwenye nyumba atarudi kwenye ruta aliyopewa na kampuni ya intaneti, na OPNsense au pfSense, mfumo wa fayawoli aliojifunza kwa jasho, utabaki umelala kwenye diski. Kwangu mimi, ukimya wa mashine hii ni sehemu ya ulinzi wenyewe. Ndiyo maana yananiudhi madai yanayozunguka madukani na miongoni mwa mafundi, kwa kuwa mengi humsukuma mnunuzi kwenye mashine kubwa, yenye joto na kelele, bila faida yoyote.

Dai: gigabiti moja haipiti bila prosesa ya i7 au Xeon.

Tupige hesabu. Kwa pakiti za kawaida za baiti 1500, gigabiti 1 kwa sekunde ni takribani pakiti 81,000. Intel N100, prosesa iliyotoka mwaka 2023 ikiwa na viini vinne na kiwango cha joto cha wati 6, huzipitisha hizo pamoja na NAT na kanuni za kuchuja, na bado inabaki na nafasi. Wanaotisha watu hutaja pakiti ndogo kabisa za baiti 64, ambazo hufika takribani milioni 1.49 kwa sekunde kwenye laini hiyohiyo. Ni kweli zinaelemea, lakini nyumba inayotazama video, kupakua masasisho na kufanya mikutano haitumii laini kwa namna hiyo.

Cha kuuliza ni nguvu ya kiini kimoja. Laini yako ikitumia PPPoE, mifumo iliyojengwa juu ya FreeBSD kwa kawaida huirundika kazi ya kupokea kwenye kiini kimoja, na vile vingine vinabaki vikitazama. Kisanduku cha APU2 cha PC Engines ya Uswisi kilipendwa kwa miaka mingi, bila feni, kikiwa na viini vinne vya gigahezi 1. Hapo ndipo kilipolemewa gigabiti zilipofika majumbani. Lakini kama kifurushi chako ni megabiti 20 au 50, hata hicho kinakutosha na kubaki. Kwa VPN, hakikisha prosesa ina AES-NI ikiwa unatumia OpenVPN au IPsec. WireGuard haiitegemei, kwa sababu hutumia ChaCha20.

Dai: milango ya gigabiti 10 itaiongezea nyumba kasi.

Kompyuta yako ikinakili faili kwenda kwenye hifadhi iliyo katika mtandao uleule, data inapita kwenye swichi na haigusi fayawoli kabisa. Kinachopita hapo ni cha kwenda na kutoka nje, na hicho kinabanwa na laini unayolipia. Isitoshe, moduli za gigabiti 10 za waya wa shaba zina joto kali, na joto ndilo linaloita feni.

Anayelalamika kuwa intaneti ni nzito, mara nyingi anasumbuliwa na foleni. Simu moja inapandisha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, pakiti zinajazana ndani ya modemu, na mkutano wa video wa mtu mwingine unakatikakatika ingawa kipimo cha kasi kinaonyesha namba nzuri. Dawa imekuwepo kwa muda mrefu: Kathleen Nichols na Van Jacobson waliieleza CoDel mwaka 2012, na mrithi wake, FQ-CoDel, aliandikwa rasmi katika RFC 8290 mwaka 2018. Unaweka kikomo chini kidogo ya kasi halisi ya laini, ili foleni ijipange ndani ya fayawoli yako, mahali unapoweza kuitawala. Kazi hiyo inahitaji prosesa. Ruta nyingi ndogo hufikisha gigabiti kwa njia ya mkato ndani ya chipu maalumu, na ukiwasha usimamizi wa foleni, mkato huo hufungwa na kasi hushuka vibaya. Hapa ndipo fedha uliyotoa kwa N100 inapojilipa, na ningetamani kila fundi anayeuza hivi vifaa aanze maelezo yake hapa.

Dai: mashine isiyo na feni itaungua kwa joto la kwetu.

Joto la prosesa hupanda juu ya joto la hewa iliyoizunguka. Kisanduku kinachosoma nyuzi 60 katika chumba cha nyuzi 22 kitasoma takribani 70 katika chumba cha nyuzi 32 jijini Dar es Salaam. N100 ina kikomo cha nyuzi 105, na ikikaribia hapo hupunguza kasi yake yenyewe. Ganda la alumini likiwa la moto mkononi, linafanya kazi yake, kwa maana joto limetoka ndani.

Vinavyoua mashine hizi ni kabati lililofungwa, kuwekwa juu ya king'amuzi au inveta, na ganda lisilogusana vizuri na prosesa. Lifungue, safisha pasta ya joto, paka mpya, kaza skrubu sawasawa. Feni nayo ina hasara zake: huvuta vumbi, na Mombasa au Tanga huvuta pia hewa ya chumvi. Na kelele hupanda haraka, maana kuongeza mzunguko wa feni mara mbili huongeza takribani desibeli 15. Feni za milimita 40 za seva huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na hakuna mtoto atakayelala jirani nazo. Ukiona ni lazima kupuliza, weka nje ya ganda feni ya milimita 120 ya volti 12, uilishe volti 5. Nyingi huzunguka polepole kwa volti hizo, na huisikii.

Dai: milango ya mtandao yote ni sawa.

Hapana. OPNsense, iliyojitenga na pfSense mwaka 2015, na pfSense yenyewe zimejengwa juu ya FreeBSD, ambako chipu za Realtek zina historia ndefu ya kusumbua, ingawa kwenye Linux, kwa mfano OpenWrt, huwa zimetulia zaidi. Chagua Intel. Hata hapo uliza toleo: i225-V za mwanzo zilikuwa na kasoro, kwa hiyo tafuta B3 au i226-V. Adapta za USB ziache kwa dharura.

Dai: kompyuta ya mtumba ni karibu bure.

Bei ya Kariakoo au Luthuli Avenue ni mwanzo tu. Kompyuta kubwa ya mezani inayokula wati 50 bila kupumzika inamaliza uniti 36 kwa mwezi. Kwa familia ya Tanzania inayojitahidi isivuke uniti 75 za matumizi madogo, hiyo ni karibu nusu. Kisanduku cha wati 10 kinakula 7 na kidogo. Mtumba mzuri upo: Lenovo ThinkCentre M720q ndogo, yenye kadi ya Intel ya milango miwili, ina feni lakini kwa kazi nyepesi husikika kwa shida.

Umeme ukikatika tofauti inaonekana zaidi. Visanduku vingi vya N100 hutumia volti 12, na betri ya volti 12 yenye saa-ampea 7 huviendesha kwa saa kadhaa; kifaa cha faiba nacho kipe betri yake. Unaposakinisha, chagua ZFS, inayostahimili kuzimika ghafla kuliko UFS, kisha ingia kwenye BIOS uiamuru mashine iwake yenyewe umeme unaporudi, hata kama hakuna mtu nyumbani.