Kutembea kwa Miguu Si Dalili ya Unyonge

Miongoni mwa kasumba zilizotuganda vichwani, hasa sisi wasomi na wafanyakazi wa ofisini, ni ile ya kudhani kwamba mtu aendaye kwa miguu ni mtu aliyeshindwa na maisha. Mwenye gari hulipanda hata aendapo duka la mtaani kwake. Asiye na gari husubiri basi nusu saa nzima kwa safari ambayo miguu yake ingeimaliza kwa robo saa. Matokeo yake tunayaona: vitambi, shinikizo la damu na kisukari, maradhi ambayo mtu akisha kuyapata hutibiwa maisha yake yote, kwa gharama kubwa kwa jamaa zake na kwa Taifa.

Ushahidi wa jambo hili si wa leo. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa Uingereza na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva, waliokaa kitini kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Basi lilikuwa lile lile. Mmoja alikaa, mwenzake alitumia miguu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamshauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hizo ni dakika 30 tu kwa siku tano. Mwendo wa haraka kiasi, ambao mtu aweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, unatosha kabisa. Misuli ikifanya kazi hutumia sukari iliyomo katika damu, na moyo nao hupata nguvu. Hapana kiingilio wala vifaa vya kuagiza kutoka ng'ambo.

Hapa hatumsemi mama wa kijijini anayetembea maili kadhaa akiwa na ndoo ya maji kichwani. Yeye hahitaji kuhimizwa kutembea. Anahitaji bomba karibu na nyumba yake. Tunamsema yule ambaye kazi yake ni kiti na meza.

Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, mwendo wa siku nane, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Ikiwa Rais wa nchi hakuona haya kutiwa vumbi la barabarani, karani au meneja wa leo aona haya ya nini?

Lakini kuhimiza peke yake hakutoshi. Mwananchi hawezi kuambiwa atembee ilhali njia ya waendao kwa miguu imegeuzwa maegesho ya magari, mitaro iko wazi na vivuko havina taa. Halmashauri za miji hazina budi kuzisafisha njia hizo na kuzilinda, na kila barabara mpya ijengwe pamoja na njia ya miguu yenye kivuli cha miti. Fedha zitumikazo huko zitapunguza zile za kununulia dawa.

Wahenga walisema, mtembea bure si mkaa bure, huenda akaokota. Kwa mfanyakazi wa leo, cha kuokota ni afya yake mwenyewe.